Jogoo wa Saa Tisa

Mhariri, nipe pembe, kule penye wasomaji,
kalamu yangu ni wembe, mimi mlalamikaji,
simtaji mbuzi, ng'ombe, wala foleni ya maji,
ni jogoo muwikaji, saa tisa, Magomeni.

Mimi jina ni Luhende, wa posta, nimestaafu,
usingizi ni vipande, pensheni nayo hafifu,
nikigeuka upande, yeye huanza kusifu,
koo lake si dhaifu, hupita madirishani.

Wahenga walishasema, kwamba jogoo la shamba,
likija mji huhema, sauti huwa nyembamba;
hili limegoma, jama, lawika likijigamba,
ama methali ni pumba, ama sisi tu shambani.

Wiki moja haijesha, Mwanahija Mwenye Mwiko,
jibu lake akarusha, limekolea kicheko:
“Wengine hutuamsha, twende tukawashe jiko,
kwa vitumbua vya soko, yeye ni saa ukutani.”

Akazuka na mwalimu, Mbilinyi, toka Kigogo:
“Hoja zenu naheshimu, kuna kosa, si kidogo,
‘wa’ na ‘la’ zina sehemu, msichanganye kwa zogo,
hilo, Luhende, ni pigo, urudishwe darasani!”

Nilicheka peke yangu, gazeti nikalikata,
kwa gundi, daftari langu, karatasi zikanata;
Jumamosi, moyo wangu miguu yangu hupita:
nani leo kaniteta? Upande wangu ni nani?

Nesi Tupokigwe naye, zamu yake ya usiku:
“Mimi ndimi nipitaye giza hilo kila siku,
na njiani anipaye moyo, si mwingine, kuku;
akichinjwa, hata buku sichangii pilauni.”

Majuma yakawa kumi, hatujaonana sura,
twajuana kwa ulimi, kwa methali na hasira;
ndipo nikasema mimi, “Tuonane barabara,
tumwone huyu mkora, analala banda gani.”

Saa nane na dakika, sote tupo, penye taa,
Mwanahija kafunika vitumbua vya kung'aa,
mwalimu ametundika miwani, imechakaa,
nesi, kachoka, kakaa kwenye ngazi, barazani.

Saa tisa, “Kokoriko!” Tukanyata hadi geti,
banda la kuku haliko, kuna mlinzi na kiti,
mfukoni ndiko liko, jogoo, ndani ya koti:
ni simu, hiyo sauti, alamu yake kazini!

Gidamisi, jina lake, akatutazama sana,
kwapani, gazeti lake, la Jumamosi ya jana:
“Huyo na kelele zake, namsaka mimi, bwana!
Wiki tele, sijaona unyoya hata jaani.”

Tulicheka, mbwa kabweka, mtu akafoka, “Nyie!
Jogoo tumemchoka, watu nao waingie!”
Chai ikamiminika, na mlinzi ajinywie,
ili hoja isifie, ikahamia simuni.

Mwanahija: “Kiwikacho kikuamshe, jogoo!”
Mwalimu katoa jicho: “Ngeli gani hiyo, loo!”
Nesi: “Kichajiwe hicho, kisije kausha koo.”
Mimi nikajibu, “Ng'oo! Tukutane gazetini.”

Kwa heshima kabadili, simu sasa yatetema,
na hii wiki ya pili, sipati kulala vema,
tisa ifike kamili, masikio huyatuma,
hurudi yakilalama: kimya tupu Magomeni.

Mhariri, usifunge, mjadala ni mbichi,
mwalimu, usinichunge, ‘wa’ na ‘la’ mimi sifichi,
nilitaka unigonge, ugomvi huo siachi;
kwangu, wenzangu, hakuchi, msipowika pembeni.

Luhende, Magomeni Mikumi, Dar es Salaam